Mlowezi au Mtangulizi? Uhakiki wa Makumbusho ya Mkauri

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani. Safari hii twaomba ruhusa ya wasomaji tuhakiki nyumba. Makumbusho nayo ni maandishi: yana mwanzo na mwisho, yana wahusika wakuu na wahusika wadogo, yana msimulizi anayechagua la kusema na la kunyamazia. Mwalimu aliyezoea kumwuliza mwanafunzi wake nani anasimulia, na kwa ajili ya nani, anaweza kuingia katika makumbusho yoyote akiwa na swali lilo hilo. Sisi tuliingia nalo katika Makumbusho ya Mkauri, kijijini Matakohe, kaskazini mwa Nyuzilandi. Tulitoka na shida moja ya tafsiri ambayo twapenda kuwashirikisha walimu wenzetu.

Tuanze na jina, maana laweza kumpoteza msomaji wa Kiswahili. Kauri tunayoitaja hapa si ile ya baharini, wala si ile ya sahani na vikombe. Ni neno la Wamaori, wenyeji wa visiwa vile, nalo ni jina la mti. Kwa hiyo tumeuita mkauri, na wingi wake mikauri. Mti huu huangusha wenyewe matawi yake ya chini kadiri unavyokua, hata shina likabaki limenyooka kama nguzo, halina fundo. Waweza kuishi miaka elfu na zaidi. Mkubwa kuliko yote iliyo hai ijulikanayo, uitwao Tāne Mahuta, umesimama katika msitu wa Waipoua. Kimo chake ni kama meta 51, na mzingo wake karibu meta 14. Yakadiriwa kwamba zamani misitu yenye mikauri ilifunika hekta zipatazo milioni 1.2. Leo ule usiowahi kuguswa na shoka haufiki hata hekta elfu 10. Tofauti iliyopo baina ya tarakimu hizi mbili ndiyo habari ambayo makumbusho haya yanapaswa kuisimulia.

Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1962, nao ulichaguliwa kwa makusudi. Miaka mia moja kabla yake, mwaka 1862, kundi la Waingereza lilipanda merikebu kutoka London kwenda kuanzisha makazi kandokando ya maji ya Kaipara. Walikuwa Wakristo wasiofuata kanisa rasmi la Uingereza, na makazi yao waliyaita Albertland, kwa kumkumbuka Albert, mume wa Malkia Victoria, aliyefariki mwaka 1861. Waliahidiwa ekari 40 kwa kila mtu mzima. Walichokikuta ni vichaka, tope na misitu, barabara hakuna. Basi nyumba hii iliwekwa na wajukuu na vitukuu ili kuwakumbuka mababu zao. Ni haki yao, na mhakiki asiyekiri hivyo tangu mwanzo atakosea mengi mbele ya safari.

Ubora wa makumbusho haya uko katika kusimulia kazi. Hatujapata kuona mahali ambapo jasho la mkata miti limeelezwa kwa uaminifu kama hapa. Imo misumeno mirefu ya kuvutwa na watu wawili, zimo kabari na jeki za kuviringishia magogo, zimo nira za maksai. Mgeni huonyeshwa jinsi gogo lilivyosafiri: watu walijenga kizuizi cha mbao kukata kijito bondeni, maji yakajaa nyuma yake, magogo yakakusanywa, kisha lango likafunguliwa kwa ghafula, na gharika ile ikayasukuma yote hadi pwani. Upo mfano wa kiwanda cha mbao cha mvuke, magurudumu yake na mikanda yake. Upo ubao mmoja wenye urefu wa zaidi ya meta 22. Na ukutani imechorwa duara moja ndani ya nyingine, kila moja ikionyesha unene wa mkauri mkubwa uliopimwa zamani. Mgeni huitafuta duara ya Tāne Mahuta akidhani ndiyo itakayokuwa ya nje kabisa, akaikuta imo ndani ya nyingine zilizo kubwa kuipita. Miti ile mikubwa zaidi haipo tena. Hapana maelezo marefu, nayo hayahitajiki: mchoro umesema. Hapa msimulizi ameshinda, maana amemwachia msomaji nafasi ya kushtuka mwenyewe.

Chumba cha sandarusi nacho hakina mfano. Twaiita sandarusi kwa sababu ndivyo ilivyo: ni utomvu wa mkauri uliogeuka jiwe, na mwingi wake ulichimbuliwa ardhini, mahali ambapo misitu ilikwisha kufa zamani. Msomaji wa Kiswahili hapo hujiona nyumbani. Katika karne ya 19 sandarusi yetu ya Mrima, iliyochimbwa kwa jembe na kusafirishwa kupitia Unguja, ilikwenda kwa watengenezaji wa vanishi wa Ulaya na Marekani. Na sandarusi ya mkauri ilikwenda kwa watengenezaji hao hao, na baadaye ikatumika pia katika linoliamu ya kutandikia sakafu. Kati ya miaka ya 1850 na 1950 tani zipatazo 450,000 zilitoka Nyuzilandi. Mchimbaji alichokonoa tope kwa mkuki mwembamba wa chuma, akasikiliza mkono wake, kisha akachimba kwa sepetu. Walichimba Wamaori, walichimba Waingereza, na walichimba Wadalmatia waliotoka pwani ya Adria, nchi ambayo leo ni Kroatia. Hawa wa mwisho walionewa wivu kwa bidii yao, hata mwaka 1898 ikatungwa sheria ya kuwatengea raia wa Kiingereza mashamba ya sandarusi. Wamaori waliwaita Tarara, jina ambalo husemekana liliigwa katika mwendo wa usemi wao. Wengi wakaoana nao. Ndani ya makabati ya kioo sandarusi hung'aa rangi ya asali, imesuguliwa na kuchongwa. Hapo tulianza kuingiwa na shaka. Uzuri wa kitu kilichosuguliwa waweza kufunika mkono uliokichimba.

Sasa tuje kwenye kasoro, nayo ni kasoro ya muundo. Hatusemi kwamba Wamaori hawatajwi, wanatajwa. Lakini siku tuliyofika sisi, hadithi kuu iliyotuongoza chumba hadi chumba ilikuwa ya walioshuka merikebuni. Wao ndio wanaopanda, wanaojenga, wanaozaa, wanaozeeka. Wao ndio wenye jina, nyumba, kitanda na kabati la vyombo. Msitu ni adui anayeshindwa, kisha ni mali inayouzwa, kisha ni mpenzi anayeliliwa. Lakini kabla ya yote hayo ulikuwa na wenyewe. Wamaori walifika visiwani mnamo karne ya 13. Waliuchonga mkauri wakapata mitumbwi ya vita. Waliitafuna sandarusi yake, waliiwashia mienge, na masizi yake waliyatia katika chale za kujipamba mwilini. Katika masimulizi yao Tāne ndiye aliyewatenganisha Baba Mbingu na Mama Nchi ili mwanga uingie duniani. Kwao mti ulikuwa jamaa kabla haujawa mbao.

Na kulikuwa na mkataba. Mwaka 1840, miaka 22 kabla ya merikebu za Albertland, wawakilishi wa Uingereza na machifu wa Wamaori walitia saini Mkataba wa Waitangi. Uliandikwa kwa lugha mbili, na lugha hizo hazikusema neno moja. Kwa Kiingereza machifu walitoa mamlaka kamili ya nchi yao. Kwa Kimaori, nakala ambayo wengi wao ndiyo waliyoitia saini, walitoa kitu kilichoitwa kāwanatanga, neno lililoundwa kutokana na gavana, nao wakabaki na enzi ya kichifu juu ya ardhi, vijiji na tunu zao zote. Hata nakala ya Kiingereza yenyewe iliwahakikishia misitu yao, tena kwa kuitaja. Wenyeji wa upande ule wa Kaipara ni Te Uri o Hau. Mwaka 2002, baada ya madai ya muda mrefu, Bunge la Nyuzilandi lilipitisha sheria ya kumaliza madai yao kwa fidia, na Serikali ikawaomba radhi. Walimu wa lugha hatuna haja ya ushahidi mwingine kwamba kosa la tafsiri laweza kuhamisha nchi kutoka mkono hadi mkono.

Hapo ndipo inapoingia ile shida tuliyoitaja mwanzoni. Wahamiaji hawa, katika Kiingereza cha makumbusho, huitwa "pioneers". Mwalimu ataandika nini ubaoni? Kamusi zitamletea mtangulizi au mwanzilishi. Mtangulizi ni mtu aliyetangulia. Lakini hawa hawakumtangulia mtu, walikuta watu. Mwanzilishi ni mtu aliyeanzisha. Naam, walianzisha mashamba, makanisa na viwanda vya mbao, lakini si maisha ya watu mahali pale. Neno lenyewe la Kiingereza lina asili ya kustaajabisha: lilitoka katika Kifaransa cha kale, likimaanisha askari wa miguu aliyetangulia mbele ya jeshi kufyeka njia. Asili hiyo ina ukweli mwingi kuliko sifa ambazo neno limevishwa baadaye, maana humkumbusha msikilizaji kwamba nyuma ya mfyekaji kuna jeshi linakuja.

Sisi twapendekeza mlowezi. Tunajua kwamba neno hili lina uchungu. Kwa msomaji wa Kenya, mlowezi, au setla kama wasemavyo wengi, ni mtu wa Nyanda za Juu, mwenye shamba lililotwaliwa na vibarua waliokuwa wenye shamba hilo. Huenda mtu akasema kwamba ni dhuluma kumpachika jina hilo fukara wa Kiingereza aliyekufa kwa homa katika kibanda cha mbao. Pingamizi hilo tumelipima, nalo lina uzito. Lakini tukilirudia neno katika mzizi wake, kulowea ni kuhamia mahali pasipo pako na kukaa hapo hata ukawa mwenyeji. Halimtukani mtu wala halimsifu. Laeleza mambo mawili tu, kwamba alitoka kwingine na kwamba hakuondoka. Na mambo hayo mawili ndiyo hasa ambayo neno mtangulizi huyaficha. Mlowezi aweza kuwa maskini, mchapakazi, mcha Mungu, mwenye huruma kwa jirani yake Mmaori. Yote hayo neno linayaruhusu. Lisiloruhusu ni kusahau kwamba nchi ilikuwa na watu.

Kadhalika twashauri mwalimu atazame vitenzi. Katika vitabu na makumbusho ya namna hii, si ya Nyuzilandi peke yake, ushujaa husimuliwa kwa kauli ya kutenda na hasara kwa kauli ya kutendwa. Babu alijenga, babu alilima. Lakini msitu ulikatwa, ardhi ilinunuliwa, wenyeji walihamishwa. Hii ni kazi nzuri ya darasani: mwanafunzi apewe ukurasa mmoja wa historia ya mahali popote, aondoe kila kauli ya kutendwa, na kila sentensi aitafutie mtenda. Nasi tusijitoe katika mtihani huo. Mivule na mikangazi ya misitu yetu nayo ilipasuliwa mbao, na baada ya uhuru mikono iliyoshika msumeno mara nyingi ilikuwa yetu. Je, tukijenga makumbusho ya kazi hiyo, tutasema ilikatwa, au tutasema tuliikata?

Uamuzi wetu juu ya nyumba ya Matakohe ni huu. Kwa mtu anayetaka kujua jinsi watu walivyofanya kazi ngumu kwa zana chache, ni makumbusho bora, na asiende haraka. Kwa mtu anayetaka kujua jinsi nchi ilivyobadilisha wenyewe, ni sura ya pili ya kitabu, na sura ya kwanza ataitafuta nje ya mlango. Lugha yetu iliita mahali kama hapa makumbusho, kutokana na kukumbusha; haikuita ghala wala hazina. Kwa hiyo kila chumba chapaswa kuulizwa kinamkumbusha nani, na kitu gani.

Kutoka Matakohe tulikwenda Waipoua, msitu ambao Serikali iliununua mwaka 1876 na ambao haukufanywa hifadhi kamili hadi mwaka 1952. Hivi sasa mikauri inauawa na ugonjwa unaoishi katika udongo na kuenea kwa nyayo. Langoni kila mgeni husugua viatu vyake kwa brashi, akanyunyizia dawa, ndipo akaruhusiwa kupita juu ya njia ya mbao iliyoinuliwa ili asikanyage mizizi. Tulisugua pamoja na wengine, watoto kwa wazee, na hakuna aliyenung'unika. Kisha tukaingia.