Beji ya Eksirei Si Kinga

Hivi karibuni nilimsindikiza shangazi kupiga eksirei katika hospitali moja huku kwetu, kati ya Handeni na Korogwe. Ukutani palikuwa na bango la "vifaa vya kinga": aproni ya risasi, glovu za risasi, na ile beji ndogo ya kifuani. Nikamuuliza mhudumu beji yake iko wapi. Akacheka: "Ipo kwenye droo, mdogo wangu. Aproni inanitosha."

Simlaumu. Kwa mujibu wa bango, yuko sahihi kabisa. Kama kazi ya beji ni kukinga, na aproni tayari inakinga, beji ya nini tena? Lawama yangu ni kwa bango, na kwa sisi tunaoandika sayansi kwa Kiswahili na kurudia orodha hiyohiyo.

Beji haizuii mionzi hata kidogo. Kazi yake ni kukumbuka. Ndani ya beji nyingi za aina hii kuna kipande cha fuwele ya lithiamu floridi, ndugu wa chumvi ya mezani, chenye upana wa kama milimita 3. Mionzi ikipita humo, inazing'oa elektroni mahali pake. Fuwele ingekuwa safi kabisa na isiyo na kasoro, karibu elektroni zote zingerudi papo hapo, habari ikaishia hapo. Ndiyo maana watengenezaji huchanganya magnesiamu kidogo sana, takriban sehemu 200 katika milioni, na titaniamu kidogo zaidi. Magnesiamu inatengeneza mitego inayozinasa elektroni kwa miezi mingi. Fuwele ikipashwa moto hadi nyuzi 200 na zaidi, elektroni zinaachiwa, na kwenye vituo vya titaniamu nishati yake inatoka kama mwanga hafifu wa bluu. Ukipima mwanga huo, unapata dozi.

Sasa, maelezo mengi huita magnesiamu na titaniamu hizo "uchafu". Neno hilo nalo linapotosha. Uchafu ni kitu unachotaka kukiondoa. Hapa ukikiondoa, beji haina kumbukumbu. Bora tuseme "kichanganyio".

Kumbukumbu hiyo haisomeki kwa macho. Beji inapelekwa maabara, kwa mfano ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania kule Arusha, na kuisoma ni kuifuta. Kwa hiyo beji iliyokaa kwenye droo itasoma dozi ya droo. Namba itatoka ndogo, faili litaonekana safi, kumbe mtu mwenyewe hajapimwa. Kikomo cha kimataifa kwa wafanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Nani atajua kama amekipita?

Wapo watakaosema beji nayo inakinga, maana ikionyesha dozi kubwa, mashine au utaratibu utakaguliwa. Nakubali. Lakini hilo linahitaji ivaliwe, irudishwe, isomwe, na majibu yafanyiwe kazi. Bango lile halikutaja hata hatua moja.

Ushauri wangu ni orodha mbili: vinavyozuia mionzi, na vinavyoipima. Chini ya beji liandikwe: "Haikukingi. Ivae ili tujue umepata kiasi gani."