Nani Alikukatia Mbao?

Mirror ni mashua ndogo ya tanga, urefu kama mita 3.3, iliyoletwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960 na gazeti la Daily Mirror. Waliibuni Jack Holt, msanifu wa mashua, na Barry Bucknell, aliyefundisha ufundi wa nyumbani kwenye televisheni ya BBC. Unauziwa vipande vya plaiwudi vilivyokatwa tayari. Unavishona kwa waya wa shaba, unaziba maungio kwa faibaglasi na gundi, basi. Zimejengwa makumi ya maelfu, nyingi na watu wasiojua useremala.

Mimi niliyeacha chuo nikaipenda mara moja. Haikuulizi cheti!

Lakini hebu iangalie vizuri. Kazi ngumu kuliko zote ni umbo, na hiyo Holt alishaimaliza. Hapa kwetu, fundi wa mtepe wa Lamu pia alishona, kwa kamba za makumbi, ila umbo alilibeba kichwani, na kamba zile ndizo zilizokishika chombo baharini. Waya wa Mirror unashikilia tu mpaka gundi ikauke.

Sioni hiyo kama kasoro ya Mirror. Mashua inaelea, na aliyeijenga ana haki ya kufurahi. Kasoro ni yetu sisi tunaopenda kusema "nilijifundisha mwenyewe". Mimi husema hivyo kuhusu uandishi, kila siku. Ukweli ni kwamba mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari alinikatia mbao zote. Mimi nilishona tu.