Sumu ni Kitu Unachopewa

Mjerumani huiita sumu Gift. Zamani neno hilohilo lilimaanisha zawadi, kwa kuwa limezaliwa na kitenzi cha "kutoa". Masalia yake yapo hadi leo katika Mitgift, mali anayopewa binti anapoolewa. Wanaisimu wengi huona kwamba maana ya sumu ilifuata mfano wa neno la Kigiriki dosis, yaani "utoaji", ambalo sisi tunalo kama dozi.

Kabla ya hapo sumu ilikuwa na jina jingine. Kwa kulinganisha lugha ndugu za Kijerumani, wanaisimu wameunda upya umbo la kale ambalo halikuwahi kuandikwa: *aitrą. Kiaislandi bado kina eitur, sumu. Katika Kijerumani limebaki Eiter, usaha. Mgeni kaingia, mwenyeji kahamia kwenye jipu.

Kwetu yametokea yaleyale. Sumu ni mgeni kutoka Kiarabu. Mwenyeji ni uchungu, neno ambalo zamani lilitaja pia sumu ya mishale. Wagiriama wanayo utsungu. Sumu ilipokwisha kukaa, uchungu ulibaki kwenye ulimi, msibani na kwenye chumba cha kujifungulia.

Lakini mtu akifa ghafla, minong'ono haihitaji hata neno sumu. "Alipewa kitu." "Alilishwa." Ni kitenzi kilekile cha Mjerumani, na hatukukiazima kwake. Kuiita hii tafsida tu ni kuishia njiani. Tafsida hufunika jambo. Maneno haya yanashtaki. Nyoka hakupi kitu, anakuuma. Aliyepewa alipewa na mkono, na mara nyingi ni mkono uliompakulia chakula.

Tafsida hasa iko huku Kalemela, katika mkoa wa pamba. Kiuatilifu tunakiita dawa, jina moja na kidonge cha malaria. Tunasema "kupiga dawa", na chupa inarudi nyumbani na jina lake jema. Hapa neno halimshtaki mtu yeyote, wala halimwonyi. Lebo inaweza kuwa na fuvu la kichwa, lakini mtoto hujifunza majina ya vitu kutoka vinywani mwetu, na sisi tumeshamwambia kwamba dawa huponya.