Darasa la kwanza wamenyang'anywa mwalimu

Tulihudhuria tathmini ya ndani ya shule moja ndogo ya kata yetu. Madawati, matundu ya vyoo na nyumba za walimu vilihesabiwa vizuri, na daftari la mahudhurio lilisomwa kwa makini. Hongera kwa waliofanya kazi hiyo. Sasa tuje kwenye mpango wa kuboresha, pale ilipoamuliwa kwamba mwalimu wa darasa la kwanza ahamishiwe la saba.

Chanzo ni namba mbili kwenye bango: ufaulu wa darasa la saba, asilimia 67 mwaka juzi, asilimia 88 mwaka jana. Makofi yakapigwa, "eneo lenye ubora" likaandikwa kwa kalamu nyekundu, na papo hapo mtu akashauri tumpeleke huko mwalimu wetu hodari ili safari ijayo tupate mia. Hakuna aliyeuliza watahiniwa walikuwa wangapi. Mwaka juzi walikuwa 9, wakafaulu 6. Mwaka jana walikuwa 8, wakafaulu 7. Maana yake shule imemwongeza mtoto mmoja, basi. Kati ya watahiniwa 8, kila mmoja amebeba asilimia 12 na nusu mgongoni. Mmoja akiamka na malaria siku ya mtihani, ubora wote ule unahamia safu ya udhaifu. Asilimia waachieni wenye watahiniwa mia na ushei. Shule kama hii huandika majina ya watoto, mmoja mmoja, na kila mmoja amekwama wapi.

Haya nimeyasema sana na nitazidi kuyasema. Baraza la Mitihani (NECTA) wenyewe waliachana na kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, lakini huku kwenye kata bado tunazipanga shule kama msimamo wa ligi.

Na huyo mwalimu wa darasa la kwanza tulimwona kazini. Kadi za silabi kazikata mwenyewe kwenye katoni, anazionyesha kwa kuzichanganya: mba, kwe, nyu, tena mba. Akamwita binti mmoja asome aya ya jana. Binti akatiririka bila kukwama, wageni tukatabasamu. Mwalimu yeye alikuwa anatazama kidole. Kidole kilikuwa bado mstari wa pili, mdomo umeshafika wa tatu. Akaufunika ukurasa kwa viganja, akaacha neno moja tu, na binti akanyamaza. Alikuwa amekariri. Tathmini ya kweli ya shule ile ndiyo hiyo, ilichukua dakika chache, na haikuingia kwenye taarifa.

Anayempokea darasa la kwanza ni mwalimu mzuri wa Hisabati wa madarasa ya juu. Simlaumu hata kidogo. Lakini hajawahi kumfundisha mtoto silabi, na hiyo ni kazi yenye ufundi wake. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulifumuliwa mwaka 2015 ili uegemee KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, tukasema sasa wadogo watapewa walimu bora. Tukarudi kulekule: wadogo wanapewa aliyebaki.

Waliotutangulia wasingelikubali uamuzi huu. Watu wa mpango wa Uwezo walipoanza upimaji wao hapa Tanzania, mwaka 2010, vijana wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba na kumsikiliza kila mtoto peke yake: silabi, neno, aya, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Ndivyo tulivyojua kwamba wengi wa darasa la tatu hadithi ile iliwashinda. Wakaguzi wa enzi zile tuliwaogopa, ila walikaa nyuma ya darasa na kuomba madaftari. Na Mwalimu Nyerere, aliyefundisha Tabora na Pugu kabla ya siasa, alishatuonya kwenye Elimu ya Kujitegemea ya 1967 tusiupe mtihani uzito usio wake.

Shule ile ina watoto wachache kiasi kwamba wote wangeweza kusikilizwa wakisoma kabla ya wiki kwisha. Hakuna nguvu kubwa kuliko hiyo, wala haikuandikwa popote. Kwenye udhaifu tuliandika "mwamko mdogo wa wazazi", sentensi inayonakiliwa kila mwaka, na wazazi wenyewe wamekaa kwenye mabenchi ya nyuma wanatusikiliza.

Kuna jingine lililopita kimyakimya. Kwa Sera ya Elimu, toleo la 2023, hawa wa darasa la kwanza wanamalizia la sita. Ule mwaka wa saba, ambao wengi wetu tuliutumia kuwasaidia waliochelewa kusoma wawafikie wenzao, wao hawatakuwa nao.

Na wala haikuwa lazima kuchagua kati ya darasa la kwanza na la saba. Wadogo hutoka mapema. Mwalimu angebaki nao asubuhi, kisha akaingia la saba kwa vipindi vya Kiswahili vya mchana. Ratiba ilikuwa ukutani, nyuma ya kiti cha mwenyekiti wa kikao.