Vidoa kwenye Kioo, Saini ya Bosi

Ukisema "mwanaastronomia", wengi wetu tunaona mzee mwenye ndevu kainamia darubini. Kitabu cha Dava Sobel, The Glass Universe (2016), kinaifuta picha hiyo. Humu kuna wanawake waliokaa mezani mchana kweupe, Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, wakichungulia vioo. Usiku darubini ilipiga picha ya anga kwenye kioo, nyota zikatokea kama vidoa vyeusi. Kazi yao ilikuwa kupima kila kidoa: kipo wapi, na kina mwangaza kiasi gani. Ujira ulikuwa senti 25 hadi 30 kwa saa.

Sobel ni hodari anapoonyesha kazi yenyewe. Henrietta Leavitt alilinganisha vioo vya usiku tofauti ili kunasa nyota zinazong'aa na kufifia. Mwaka 1908 akachapisha orodha ya nyota geugeu 1,777 za Mawingu ya Magellan. Kutoka Harvard mawingu hayo hayaonekani kabisa. Vioo vilitoka Arequipa, Peru. (Sisi Tanzania tunayaona upande wa kusini, ukipata giza la kweli.)

Mwaka 1912, kwa nyota 25 tu za Wingu Dogo, akaonyesha kwamba nyota yenye mng'ao mkubwa zaidi huchukua muda mrefu zaidi kumaliza mzunguko wake, kuanzia siku moja na robo hadi siku 127. Yaani, hesabu siku, upate nguvu halisi ya taa. Ilinganishe na unavyoiona, upate umbali. Kwa kanuni hiyo Edwin Hubble alithibitisha kwamba Andromeda ipo nje kabisa ya galaksi yetu.

Ugomvi wangu na kitabu unaanzia hapo. Ripoti ya 1912 ilitiwa saini na mkurugenzi, Edward Pickering. Ni sentensi ya kwanza inayotaja kwamba maelezo yameandaliwa na Leavitt. Mimi ni mwandishi wa habari, najua jina juu ya kazi lina uzito gani. Sobel ni mpole mno kwa Pickering. Sawa, aliwafungulia mlango; Williamina Fleming aliingia humo akitokea kuwa mtumishi wa nyumbani kwake. Lakini Fleming huyohuyo aliandika katika shajara yake ya 1900 kwamba analipwa dola 1,500 kwa mwaka, na wanaume 2,500. Sobel anauweka ushahidi mezani, kisha anaendelea na safari. Ningetaka akae nao.

Bado nakipendekeza, hata kama wahusika ni wengi mpaka unachanganyikiwa. Mwaka 1925 mwanahisabati wa Sweden, Gösta Mittag-Leffler, alimwandikia Leavitt akitaka kumpendekeza kwa Nobel. Leavitt alikuwa amefariki tangu 1921, na huko Sweden habari hazikuwa zimefika.