Uzuri wa Kuazima

Katika bonde la Paro, nchini Bhutan kwenye milima ya Himalaya, iko nyumba ya wageni matajiri iitwayo Amankora, iliyofunguliwa mwaka 2004. Msanifu wake ni Kerry Hill wa Australia. Haki yake tumpe: kuta ni za udongo ulioshindiliwa, ufundi wa wenyeji tangu kale, nazo hazishindani na misonobari iliyozizunguka.

Lakini hapo ndipo penye neno. Mgeni hanunui kuta; hununua msitu na utulivu, na hivyo viwili havikutengenezwa na mwenye nyumba. Katiba ya Bhutan ya mwaka 2008 yaamuru asilimia 60 ya nchi ibaki misitu daima, na mkulima wa bondeni ndiye azuiaye shoka lake. Tangu Septemba 2023, mtu mzima atokaye Ulaya huilipa serikali dola 100 kila usiku, mbali na chumba. Twaona ni haki.

Nyumba ni nzuri, twakiri. Ila asifiaye dirisha, akamsahau aliyeuacha mti usimame, hakujua alilala kwa nani.