Kura ya inje: shamba la majaribio lilipandwa mbali na wakulima

Kwa uchaguzi wa tarehe 20/12/2023 CENI iliruhusu kwa mara ya kwanza Wakongomani wanaoishi inje wapige kura. Ni hatua nzuri, siipingi. Lakini tuangalie inchi tano zilizochaguliwa kwa kuanza: Ubelgiji, Ufaransa, Marekani, Kanada na Afrika ya Kusini. Waliojiandikisha kule kote walikuwa kama 13,000, wakati inchi nzima ilikuwa na wapiga kura karibu milioni 44.

Uganda haikuwa mule. Na kwetu sisi wa Lubero, Butembo na Beni, Uganda njo inje yenyewe. Unavuka Kasindi, uko Mpondwe. Wakongomani waliokimbilia kule wanapita nusu milioni. Kyangwali na Rwamwanja kumejaa watu wetu. Ongeza wafanyabiashara wa Butembo wenye kukaa Kampala, ongeza wanafunzi. Wote hao hawakuhesabiwa.

Wakubwa walisema ni jaribio. Sawa, tuongee juu ya jaribio. Katika kazi yetu ya kilimo, shamba la majaribio unaliweka kwenye udongo wenye kufanana na ule wa wakulima. Ukijaribu mbegu ya viazi kwenye bustani yenye maji ya robine, hautajua itafanya nini ku mulima wa Masereka. Kura ya Brussels ao Paris haitufundishi namna ya kuandikisha mama aliyevuka mupaka na watoto, bila pasipoti.

Wakenya walianza kinyume: mwaka 2013 kura yao ya inje ilianzia kwa majirani, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Njo nyuma walienda mbali.

Wengine wanasemaka: kupigisha mukimbizi kura ni ngumu sana. Ngumu, ndiyo. Lakini mwezi wa kwanza 2011, Wasudani wa Kusini walipiga kura ya uhuru wao wakiwa hata Uganda, hiyo hiyo. Kwa hiyo inawezekana, kama serkali inataka.

Sisi tunajua uchungu wa kusahauliwa. Tarehe 30/12/2018 Beni na Butembo hazikupiga kura, sababu ya Ebola na usalama, walisema. Zaidi ya wapiga kura milioni moja walibaki. Rais aliapa tarehe 24/01/2019. Sisi tuliitwa mwezi wa tatu, kuchagua badepite tu. Tulikuwa ndani ya inchi, lakini kwa kura ya rais tulikuwa watu wa inje.

Na hasara haiishie kwa rais. Viti vya badepite vinagawanywa kufuata hesabu ya walioandikishwa katika kila jimbo la uchaguzi. Familia ikikimbia, inaondoka na sehemu yake ya kiti. Tangu M23 ilipochukua Kanyabayonga na Kirumba mwezi wa sita 2024, Lubero imetawanyika. Vita vinatupunguza mara mbili: kwa mashamba, na kwa Bunge.

Tunaomba nini basi? Mbele ya 2028, Uganda iingie kwa liste, na kuandikisha kufanyike karibu na watu wenyewe, isiwe ku ambasade ya Kampala peke yake. Na badepite wetu wa Lubero, Butembo na Beni walifikishe Bungeni sasa, isiwe mwezi mmoja mbele ya kampeni.

Ninyi munasema je?